Mantiki ya alama kwa anayeanza: nilivyoisoma nyuma ya kaunta buku

Kaunta buku yangu ina pande mbili. Mbele kuna kilo: sato, sangara, jina la mtumbwi, saa ya kushusha. Ukiigeuza kichwa chini ukaanzia nyuma, unakutana na mishale, viboksi na herufi A iliyosimama kwa kichwa. Mimi ni karani wa mizani kwenye mwalo mmoja hapa Mwanza, na falsafa niliisoma jioni, baada ya kazi, mikono ikinuka shombo.

Mtihani wangu wa kwanza wa mantiki nilipata 31 kwa 100. Si kwamba sikusoma. Nilisoma kitabu kizima, kitandani, nimelala chali, kama mtu anayesoma hadithi. Niliporudia nilikaa mezani, nikafanya kila zoezi kwa mkono, hata yale mepesi ya kuchosha, nikapata 78. Tangu hapo vijana wanaosoma falsafa wamekuwa wakinifuata kibarazani na swali lile lile: zile kurasa zenye ∀ na □ mtu anazisomaje bila kulia? Maelezo yangu ni haya.

Neno mantiki tumelipata kwa Kiarabu, na mzizi wake ni ule wa kutamka. Ndiyo maana mimi humwanzisha mtu na sentensi zinazotoka kinywani mwake mwenyewe, za sokoni na za nyumbani, kabla ya sentensi za kitabu. Alama zinakuja kukubana useme ulikuwa na maana ipi kati ya zile mbili ulizozitamka kwa pamoja bila kujua.

Vifaa, na mtego mmoja

Daftari, penseli, kifutio, dakika arobaini kila siku kabla simu haijaanza kuita. Vitabu vya mantiki vya bure kwa leseni huria vipo vingi mtandaoni, na kamusi elezo ya falsafa ya Chuo Kikuu cha Stanford inasomwa bure. Chagua kitabu kimoja. Ukichukua vitatu utaingia kwenye mtego ulionila wiki mbili: waandishi hawatumii alama zilezile. "Na" utaikuta kama ∧, au &, au nukta tu. "Si" ni ¬ kwa huyu na ~ kwa yule. "Ikiwa… basi" ni → hapa na ⊃ kule, na hiyo ⊃ ukienda kwenye hesabu za seti ina kazi nyingine kabisa. Andika orodha ya alama za kitabu chako ndani ya jalada la daftari. Ukihamia kingine, ongeza safu.

Kwanza tenganisha umbo na ukweli

Hapa ndipo wengi wanapita mbio, kisha wanarudi wakichechemea. Hoja ina nguzo, yaani kauli zinazoibeba, na ina hitimisho. Hoja ni halali ikiwa haiwezekani nguzo zote ziwe kweli halafu hitimisho liwe uongo. Hatujasema nguzo ni kweli. Tazama:

Samaki wote wanaishi baharini. Sato ni samaki. Kwa hiyo sato anaishi baharini.

Mtoto yeyote wa ziwani atakucheka. Lakini umbo halina kosa: ungekuwa ukweli kwamba samaki wote ni wa baharini, sato asingekuwa na pa kukimbilia. Hoja halali, nguzo mbovu. Sasa hii:

Mito yote ina maji. Rufiji una maji. Kwa hiyo Rufiji ni mto.

Kila sentensi hapo ni kweli, na hoja haifai. Kuijaribu ni rahisi: shika umbo, badilisha jina. Ziwa Tanganyika lina maji. Je, ni mto? Nguzo zimebaki kweli, hitimisho limeanguka. Fanya zoezi hili kwa hoja kumi kutoka redioni, kwenye mahubiri, kwenye kampeni. Usiandike alama hata moja mpaka uweze kuvunja hoja mbovu kwa kubadilisha majina tu.

Jedwali la ukweli, na simu ya mama

Majedwali haya, yanayoorodhesha kila namna sentensi zinavyoweza kuwa kweli au uongo, yalienea baada ya 1921, mwaka ambao Ludwig Wittgenstein na Emil Post waliyatumia kila mmoja kivyake. Sentensi moja ina mistari 2, mbili zina 4, tatu zina 8, nne 16. "Na", "au" na "si" utazimaliza kwa jioni moja, ila kumbuka tu kwamba "au" ya mantiki inakubali vyote viwili kwa pamoja. Kinachokwamisha watu ni mshale.

Mama anamwambia mwanawe: "Ukifaulu, nitakununulia simu." Matokeo yanakuja. Ni lini mama amesema uongo?

Amefaulu, amenunuliwa: mama mkweli.
Amefaulu, hakununuliwa: mama ameongopa.
Amefeli, hakununuliwa: mama hana deni.
Amefeli, amenunuliwa hata hivyo: mama ana huruma, lakini kauli yake haijavunjwa. Hakusema atafanya nini mtoto akifeli.

Kwa hiyo, F ikiwa "amefaulu" na S "amenunuliwa simu", F → S ni uongo kwenye mstari mmoja tu, ule ambao F ni kweli na S ni uongo. Mistari miwili ya mwisho, ile ambayo F ni uongo, ndiyo iliyoninyima usingizi. Ukiikubali leo, kesho utakubali kwamba "ikiwa Mwanza iko Kenya, basi mimi ni malkia" ni kweli, kwa sababu tu Mwanza haiko Kenya. Usigombane nayo sasa. Mshale ni kifaa kilichochongwa kwa kazi maalumu, na kuna "kama" nyingi haukuchongwa kwa ajili yake.

Hapo Kiswahili kinatupa msaada. Sisi tunaikata hii tofauti ndani ya kitenzi. "Ukija utanikuta" na "ungekuja ungenikuta" hatuwezi kuzichanganya hata tukilewa. Ya kwanza unaweza kuijaribu kwa mshale. Ya pili ukiipa mshale umeharibu, kwa sababu hukuja, na mshale ambao mguu wake wa nyuma, yaani sehemu ya "ikiwa", ni uongo, wenyewe daima ni kweli: "ungekuja ungenikuta" itakuwa kweli na "ungekuja usingenikuta" nayo itakuwa kweli. Robert Stalnaker mwaka 1968 na David Lewis mwaka 1973 walijenga mantiki ya sentensi hizi za -nge- kwa kuangalia hali nyingine za dunia zinazokaribiana na hii yetu. Kanuni yangu ni moja: ukiona -nge- au -ngali-, weka penseli chini kwanza.

"Wote hawajaleta"

Jumamosi moja mhazini wa kikoba chetu alisimama akasema, "Wanachama wote hawajaleta marejesho." Mama mmoja muuza dagaa, ambaye alikuwa ameleta yake tangu Alhamisi na stakabadhi anayo kwenye pochi, aliinuka kama aliyechomwa na mwiba. Mhazini naye akashikilia kwamba hakumtaja mtu, yeye anasema tu hesabu haijatimia. Nusu saa nzima ilikwenda hapo, chai ikapoa. Nilirudi nyumbani nikaandika, M ikiwa "ni mwanachama", L "ameleta", na ∀x ikisomwa "kila x":

¬∀x(Mx → Lx)
∀x(Mx → ¬Lx)

Ya kwanza inasomeka: si kweli kwamba kila mwanachama ameleta. Hiyo ndiyo ya mhazini. Ya pili: kila mwanachama, yeye hajaleta. Hiyo ndiyo aliyoisikia mama. Alama ni zilezile, ila ¬ ilikuwa nje ya nyumba na sasa imeingia ndani. Stakabadhi moja tu inaivunja ya pili, na ya kwanza haiigusi. Wote wawili walikuwa na haki, na mwenye makosa alikuwa ni "wote" iliyokaa mbele ya kitenzi cha kukana.

Kaa kwenye hatua hii kwa muda mrefu kuliko unavyodhani unahitaji. Mimi nilikaa miezi miwili. Kila siku sentensi tano za kweli nilizozisikia, kila moja kwa alama, na pale inapobeba maana mbili niandike mbili. Makosa mawili yatakurudia. La kwanza ni kuandika ∀x(Mx ∧ Lx) ukidhani umesema kila mwanachama ameleta. Umesema kila kitu duniani ni mwanachama na kimeleta, sangara wakiwemo. La pili linahusu ∃x, inayosomwa "kuna x": ni kuandika ∃x(Mx → Lx) ukidhani umesema kuna mwanachama aliyeleta. Rudi kwenye jedwali la mama na simu: mizani yangu si mwanachama wa kikoba, kwa hiyo mguu wa nyuma wa mshale ni uongo, kwa hiyo sentensi ni kweli kwa ajili ya mizani, hata kama hakuna aliyeleta senti. "Kila" hutembea na mshale. "Kuna" hutembea na ∧. Nimeibandika ukutani.

Halafu mpangilio. "Kila daladala ina konda wake" na "kuna konda mmoja wa daladala zote" ni mambo mawili ambayo hayakaribiani, na kwa alama, Dx ikiwa "x ni daladala" na Kyx "y ni konda wa x", ni hivi:

∀x(Dx → ∃y Kyx)
∃y∀x(Dx → Kyx)

Unaona konda mmoja ananing'inia kwenye milango ya daladala zote za jiji, unacheka. Sasa badilisha majina kama tulivyofanya kwa Rufiji: "Kila kitu kina chanzo. Kwa hiyo kuna chanzo kimoja cha kila kitu." Darasani nilikuwa nimeiandika hoja hiyo kwa mkono wangu nikaipigia mstari kwa wino mwekundu kama hoja nzuri. Huenda chanzo hicho kipo, na zipo hoja nyingine za kukitafuta, lakini hatua hii ni ya yule konda. Siku nilipoiona ndipo nilipoelewa kwa nini tunateswa na alama hizi.

Ushahidi ni kukopa na kulipa

Jedwali hukwambia kwamba hoja ni halali. Ushahidi wa hatua kwa hatua hukuonyesha njia. Chukua asubuhi moja ya mwaloni: upepo ukiwa mkali, mitumbwi haitoki. Mitumbwi isipotoka, mizani inakaa tupu. Leo mizani haikukaa tupu. Kwa hiyo upepo haukuwa mkali. U ni upepo mkali, T ni mitumbwi kutotoka, M ni mizani tupu.

1. U → T (nguzo)
2. T → M (nguzo)
3. ¬M (nguzo)
4. U (mkopo)
5. T (kutoka 1 na 4)
6. M (kutoka 2 na 5)
7. mgongano (3 na 6)
8. ¬U (mkopo wa 4 umelipwa)

Mstari wa 4 ndio unaowachanganya. "Umetoa wapi U wakati hujui kama upepo ulikuwa mkali?" Nimekopa. Kila unachopata kati ya mstari wa 4 na wa 7 ni cha mkopo, huruhusiwi kuondoka nacho. Mkopo umetuingiza kwenye mgongano, kwa hiyo tunaurudisha na kutoka na kinyume chake. Mimi huchora mstari wa wima pembeni ya hatua za mkopo, kama mwenye duka anavyotenga ukurasa wa madeni. Ukimaliza hoja na mstari bado uko wazi, umetoka dukani na sukari ya watu. Mtindo huu uliwekwa sawa na Gerhard Gentzen kwenye miaka ya 1934 na 1935, na ndiye aliyetupa ile A iliyopinduliwa. E iliyogeuzwa ilikuwapo kabla yake, ya Giuseppe Peano.

Ukikwama, anzia chini. Andika hitimisho mwisho wa ukurasa, uliza ni kanuni gani ingeweza kulizaa, panda juu hatua moja. Ikishindikana, kopa kinyume cha hitimisho utafute mgongano. Na usifute hatua zilizoshindwa. Mimi huzipiga mstari mmoja tu, kwa sababu nusu ya nilichojua nimekijua kwa kutazama nilipopotelea.

Lazima ipi?

Kiboksi □ husomwa "ni lazima", na ◇ "inawezekana". Sentensi ya kujifunzia ni hii, ambayo kila darasa la falsafa huipigia kelele: "Ikiwa Mungu anajua kwamba kesho nitaenda kazini, basi lazima nitaenda kazini." J ni kujua kwake, N ni kwenda kwangu.

□(J → N)
J → □N

Ya kwanza inasema: lazima kinachojulikana kiwe kweli. Hakuna wa kuikataa. Ukijua jambo la uongo hukulijua. Ya pili inasema kwamba mimi sina hiari, kwenda kwangu hakukuwa na namna nyingine. Anayetaka kukunyang'anya hiari yako huthibitisha ya kwanza halafu huondoka na ya pili mfukoni. Mwanafalsafa wa Kirumi Boethius aliigusa tofauti hii karne ya 6 akiwa kifungoni, bila kiboksi chochote: ukijua kwamba mtu anatembea, lazima awe anatembea, lakini hakuna kinachomlazimisha kutembea. Kwa Kiswahili "lazima" tunaitupa popote, mbele, katikati, mwisho wa sentensi, kwa hiyo usiamini mahali ilipokaa. Uliza inatawala sentensi yote au kipande.

Maana ya viboksi utaipata kwa kuchora: maduara ni hali mbalimbali za dunia, mishale ni hali ipi inaiona ipi. Saul Kripke alichapisha kazi yake ya kwanza kuhusu mambo haya mwaka 1959, hajafikisha miaka 20. Chora maduara matatu, weka P ndani ya mawili, jiulize □P ni kweli wapi. Kaunta buku yangu ina kurasa kumi na mbili za maduara hayo, na moja lina doa la mafuta ya dagaa.

Vingine, kwa kadiri ya hitaji

Seti, yaani makundi ya vitu, unahitaji kidogo tu mwanzoni: kumo (kitu kuwa ndani ya seti), muungano, seti tupu, tofauti kati ya kitu na seti yenye kitu hicho. Kisha soma kuhusu barua ambayo Bertrand Russell alimwandikia Gottlob Frege Juni 1902, akimuuliza kuhusu seti ya seti zote ambazo kila moja haimo ndani yake yenyewe. Je, yenyewe imo ndani yake? Jaribu "ndiyo", halafu jaribu "hapana", na sasa unajua kukopa na kulipa.

Uwezekano ni wa kujifunza kwa idadi ya vitu, si kwa fomula. Tuseme kreti 1000, kati yake 10 zina samaki walioanza kuharibika. Mkaguzi hugundua 9 katika hizo 10, ila pia hukataa kimakosa 1 katika kila 10 zilizo nzima. Kreti yako imekataliwa. Imeharibika? Zilizo nzima ni 990, hukataa 99 kati yake. Jumla ya zilizokataliwa ni 108, mbovu ni 9, yaani 1 katika 12. Wenzangu mwaloni, watu wa hesabu kila siku, wote walinijibu 9 katika 10. Hiyo ndiyo kanuni ya Thomas Bayes, iliyochapishwa 1763 akiwa ameshafariki. Na rafiki yake Richard Price, aliyeifikisha kwenye uchapishaji, ndiye aliyeichukua kwenda kumjibu David Hume kuhusu miujiza.

Kurt Gödel, aliyeonyesha kwamba mifumo ya hesabu ina mambo isiyoweza kuyathibitisha, mwache kwanza. Kila kijana anayekuja kibarazani anataka kuanza naye, na kila anayeanza naye ananiletea maneno makubwa kuhusu mipaka ya akili bila kuweza kuandika "kila daladala ina konda". Kazi ile ya 1931 haikimbii.

Muda wangu ulikwenda hivi: majedwali wiki mbili, kila na kuna miezi miwili, ushahidi mwezi na nusu, viboksi mwezi mmoja. Mwenye maadili ndiyo mada yake anaweza kusimama kabla ya viboksi akarudi akivihitaji. Anayesoma falsafa ya sayansi aharakishe kwenye Bayes.

Zoezi la kuanzia hili hapa. Kwenye mlango wa ofisi moja nilikuta tangazo: "Wenye vitambulisho tu ndio watakaoingia." Nilikuwa na changu mkononi. Mlinzi akanitazama, akasema, "Dada, leo hatupokei tena," akafunga. Nikamwambia tangazo lao linasema uongo. Nikakaa kwenye benchi, nikageuza kaunta buku, nikaandika ∀x(Vx → Ix), nikaitazama, nikaona nimegeuza mshale. Iandike wewe inavyotakiwa, halafu niambie kama nilikuwa na haki ya kumfokea yule mlinzi.